Jino la Mtoto Hulipiwa na Nani?

Leo tukumbuke tulikotoka, ili ujue la kuuliza mtoto akiumwa na jino.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 iliyotozwa wagonjwa tangu ukoloni. Mwaka 1966 ikaanzisha bima ya NHIF. Kwanza ilikuwa ya wenye mishahara, na kwa miaka mingi ililipia kulazwa. Jino kwa kawaida halimlazi mtu, hivyo mama alilipa mwenyewe.

Desemba 1989 ikaja ada ya kuchangia gharama. Mwaka 2004 ikapunguzwa: zahanati shilingi 10, kituo cha afya 20, watoto chini ya miaka 5 bure. Lakini daktari wa meno mara nyingi yuko hospitali kubwa, ambako nafuu hiyo haikufika.

Mama mmoja aliniletea mtoto shavu limevimba. "Sista, niliogopa bili," akasema, "tena ni meno ya utoto, yatang'oka." Alikuwa amengoja miezi. Jino ambalo lingezibwa likang'olewa.

Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha ni jambo moja, kuchanga ni jingine. Hakikisha mtoto ameandikwa chini yako. Kabla hajaketi kwenye kiti, uliza: Kuziba kunalipiwa? Kung'oa je? Mimi nitaongeza pesa ngapi?

Kuuliza si aibu, mama. Jino lililooza halijiponyi.