Duka la vitabu lililopata ahueni kwa kesi ya midoli

Siku hizi ukitaka kitabu cha historia ya wapenzi wa jinsia moja ni simu tu, unabonyeza kinashuka. London ya 1979 wapi! Mwaka huo ndipo lilifunguliwa Gay's the Word, duka dogo mtaa wa Marchmont, jina limetolewa kwenye mchezo wa muziki wa jukwaani. Vitabu vya namna hiyo vilivyochapwa Uingereza vilikuwa vya kuhesabu, kwa hiyo mzigo mwingi uliagizwa Marekani.

Forodha wakaunusa. Aprili 1984 maofisa walivamia wakazoa vitabu. Usidhani ni majarida ya picha za uchi, humo mlikuwa na kazi za Tennessee Williams, Gore Vidal na Jean Genet, waandishi wanaoheshimika dunia nzima. Wakurugenzi wa duka wakashtakiwa kwa kula njama ya kuingiza vitabu vichafu.

Sasa cheki sheria ilivyokuwa. Kitabu kilichochapwa ndani ya nchi kilihukumiwa kwa sheria ya 1959, na mshtakiwa aliruhusiwa kujitetea kwamba kina thamani ya kifasihi. Forodha wao walishika sheria yao ya 1876, ya enzi za Malkia Victoria, isiyo na utetezi huo. Yaani kitabu kilekile, kikichapwa London unaweza kukitetea, kikitoka New York huna pa kushika!

Wateja na waandishi wakachangishana hela za mawakili. Na duka halikufungwa. Mwaka huohuo wa 1984 kundi la mashoga na wasagaji waliokuwa wanawachangia wachimba makaa ya mawe waliogoma lilikuwa likikutana humohumo. Waliotazama filamu ya Pride ya 2014 wanaijua hiyo stori.

Ahueni ikatokea pasipotarajiwa. Machi 1986 Mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu kuhusu midoli ya kujaza upepo, ile ya mambo ya chumbani, iliyozuiwa ikitoka Ujerumani Magharibi. Ikasema kama kitu si marufuku kutengenezwa Uingereza, huwezi kukizuia mpakani eti kinaharibu maadili kikitoka nchi mwenzako wa Jumuiya. Vitabu vya Marekani havikuguswa moja kwa moja, ila forodha walishapwaya. Miezi michache baadaye mashtaka yakafutwa kabla kesi haijasikilizwa.

Duka lipo mpaka leo, palepale Marchmont.