Katekista Aliyeachwa na Sheria: Elimu ya Taalimungu Ugogo kabla na baada ya 1970

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua yake Antiquum Ministerium, akaifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi inayopokelewa kwa ibada mbele ya askofu. Tangu hapo limekuwa rahisi kusikika, katika semina za kichungaji na katika maandishi yanayozifuata, dai moja ambalo watu hulipokea bila kulihoji: kwamba taalimungu ilikuwa mali ya mapadre tangu enzi za wamisionari, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaufungua mlango kidogo, na sasa ndipo zamu ya walei imefika. Ninakusudia kuonyesha kwamba, kwa nyanda za kati za Tanzania angalau, mfuatano huo wa matukio umewekwa kichwa chini miguu juu. Ugogo ulikuwa na mlei aliyeandika taalimungu ya kiwango cha juu wakati Mtaguso ungali ukiendelea. Udongo uliomwotesha ulikuja kuondolewa na mgawanyo wa shule uliofuata Sheria ya Elimu ya 1969, na Kanisa likauzoea mgawanyo huo hadi likauona kuwa ndio mapokeo.

Yasiyo na ubishi niyapitie haraka. Kwamba katekista ndiye aliyelibeba Kanisa vijijini, hakuna padre wa Dodoma, Singida wala Kondoa atakayebisha. Yeye ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili padre asipokuwepo, anayefundisha wakatekumeni, anayezika. Na masika makorongo yakijaa maji, kigango humtegemea yeye peke yake. Hati ya Mtaguso Ad Gentes (1965) ilimsifu, na Aylward Shorter na Eugene Kataza wakamfanyia uchunguzi katika kitabu Missionaries to Yourselves (1972). Kwamba malezi ya mapadre wazalendo yalikuwa kazi kubwa na ya heshima, hilo nalo ni wazi. Mapadre wanne wa kwanza wa Tanzania Bara walipewa daraja tarehe 15 Agosti 1917, miaka miwili kabla Benedikto XV hajaandika Maximum Illud na kudai kwamba mapadre wenyeji wasifunzwe nusunusu kama wasaidizi wa wageni. Kipalapala, karibu na Tabora, ikaanza 1925. Mashahidi hao wote ninawakubali.

Ugomvi unaanzia kwa mwanataalimungu Adrian Hastings. Huyu alikaa Kipalapala katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, akiwafafanulia mapadre wa Afrika Mashariki hati za Mtaguso, kisha katika Mission and Ministry (1971) akasisitiza hoja yake maarufu: mapadre hawatoshi, kwa hiyo wanaume wenye ndoa na uzoefu wapewe upadre. Waliompinga walitetea useja. Waliomuunga mkono walihesabu vigango visivyo na Ekaristi. Mjadala huo ulikuwa mkali, na kwa maoni yangu ulipoteza muda mwingi, kwa sababu pande zote mbili zilikubaliana jambo moja bila kulitamka: kwamba kipimo cha mlei ni padre. Katekista akawa mtu wa kujazia pengo, akiulizwa daima anamkaribia padre kwa kiasi gani. Swali la anachokijua yeye mwenyewe, na alikokipata, halikuulizwa na upande wowote. Kasoro hiyohiyo imo katika nyaraka za juzi. Mwongozo wa Vatikano wa malezi ya mapadre wa 2016 unapanga hatua za frateri moja baada ya nyingine, tangu mwaka tangulizi hadi ushemasi. Barua ya 2021 inayaacha malezi ya katekista mikononi mwa mabaraza ya maaskofu, ikiamini kwamba watajua pa kuanzia.

Pa kuanzia papo, na pana jina. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 huko Chamwino, Mgogo na Mkatoliki, akasomeshwa na misheni, akafundisha kwa muda kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa Diwani ya Mnyampala na kwa ngonjera; wanahistoria wanamfahamu kwa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954). Vitabu vyake viwili vya dini hutajwa katika orodha ya kazi zake, kisha huachwa hapohapo: Utenzi wa Enjili Takatifu, uliochapwa 1963 na wamisionari Wabenediktini wa Ndanda, na Utenzi wa Zaburi uliofuata. Wahakiki wa fasihi wanaviona kuwa vya dini mno, na wanataalimungu wanaviona kuwa vya fasihi mno. Mimi ninavihesabu kuwa kazi kuu ya taalimungu iliyowahi kutoka nyanda za kati, na sioni padre wa eneo hilo, mzungu au mwafrika, aliyeandika kitu cha kushindana navyo kwa Kiswahili katika kipindi hicho.

Tuuangalie mwaka wenyewe. Februari 1962 Yohane XXIII alikuwa ametoa Veterum Sapientia, iliyoagiza masomo makuu ya seminari yafundishwe kwa Kilatini. Konstitusyo ya Liturujia, iliyoruhusu lugha za watu katika ibada, ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963. Kati ya matukio hayo mawili, Misa ikiwa bado ya Kilatini kila kanisa kuanzia Bihawana hadi Kondoa, mlei mmoja wa Ugogo alikwisha kuipitisha Injili nzima katika utenzi. Hakungoja ruhusa. Wala bahari hiyo haikuwa ya Wagogo: utenzi ni mali ya pwani, na kwa karne nyingi ulibeba visa vya Mtume Muhammad, vita vya Waislamu wa kwanza na mawaidha ya wacha Mungu wa Lamu na Pate. Mnyampala aliichukua bahari ileile, mishororo minne ya mizani nane, kina cha mwisho kikirudi ubeti baada ya ubeti, akamtia Yesu ndani yake. Hiyo ni hukumu ya kitaalimungu, na nzito. Anasema kwa vitendo kwamba umbo lililolelewa katika Uislamu linaweza kubeba ungamo la Kikristo bila kunajisika na bila kunajisi. Wanataalimungu wetu waliosoma walikuja kulijadili swali la utamadunisho kwa bidii katika miaka ya 1970 na 1980, wengi wao kwa Kiingereza.

Zaidi ya hapo, utenzi unamlazimisha mwandishi kuchagua. Injili ni nne na hazipangi matukio kwa namna moja. Zaburi zina laana ndani yake, na malalamiko ambayo mhubiri hodari huyaruka. Mtu anayezipanga katika beti za kughaniwa mbele ya watu hawezi kukwepa maamuzi ya ufafanuzi kwa tanbihi. Frateri aliyesoma Maandiko kwa miaka minne hupewa mtihani mwepesi kuliko huo.

Halafu kuna ngonjera. Mnyampala ndiye aliyezipa umaarufu baada ya Azimio la Arusha la 1967, akiwa kiongozi wa chama cha washairi, UKUTA, na serikali ikazipeleka mashuleni kufundishia siasa ya Ujamaa. Muundo wake unajulikana: asiyejua anauliza au anabisha, ajuaye anajibu, hadi yule wa kwanza anakiri. Sina hati ya kuthibitisha, lakini ninaona vigumu kuamini kwamba mtu aliyekulia katika darasa la katekisimu, swali na jibu, swali na jibu, aliubuni muundo huo bila deni lolote kwa darasa hilo. Ikiwa ni hivyo, basi mafundisho ya walei wa misheni yaliingia katika elimu ya siasa ya taifa zima, kisha yakarudi kanisani: leo watoto wa Utoto Mtakatifu wanaghani ngonjera siku ya somo wa parokia, na hakuna anayefikiri kwamba hilo lina uhusiano wowote na taalimungu.

Sasa, mtu kama huyo alitoka wapi? Hakutoka seminari kuu. Alitokana na mfumo ambao mwalimu wa shule ya misheni na katekista walikuwa mtu mmoja. Asubuhi alifundisha kusoma na hesabu, jioni mafundisho ya ubatizo, Jumapili aliongoza sala. Na ili afanye yote hayo, misheni ililazimika kumsomesha kweli. Sheria ya 1969 iliukata mfumo huo. Kuanzia 1970 shule za madhehebu zikawa za umma, pamoja na vyuo vya ualimu. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali. Seminari hazikuguswa, maana zilitambuliwa kuwa nyumba za malezi ya mapadre. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini matokeo yake hayajachunguzwa vya kutosha. Nguvu zote za kielimu za Kanisa zilizokuwa zimetawanyika zikakusanyika mahali pamoja palipobaki mikononi mwake. Seminari ndogo kama Bihawana na Dung'unyi zikawa miongoni mwa sekondari chache ambazo Kanisa lingeweza kuziendesha kwa utaratibu wake, na wazazi waliotaka elimu bora kwa vijana wao wakazigombania hata kama kijana hakuwa na wito. Katekista akabaki na kigango na Biblia, bila shule nyuma yake.

Majira yenyewe yalikuwa mabaya. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakusanya Wagogo katika vijiji vikubwa, vigango vikajaa. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ndizo zitakuwa msingi wa uchungaji. Huku jumuiya zikihitaji viongozi wengi wenye elimu ya dini kuliko wakati wowote, chemchemi iliyowatoa ilikuwa imekwisha kufungwa.

Najua nitaambiwa kwamba Mnyampala ni mmoja, na jani moja si msitu. Kweli, kipaji chake hakikuwa cha kawaida. Lakini hoja yangu haihusu kipaji. Inahusu elimu aliyoipata, na elimu hiyo ilikuwa ya kawaida kwa mwalimu wa misheni wa kizazi chake. Nitaambiwa pia kwamba serikali ilikwisha kuanza kuwaweka walimu wote katika utumishi mmoja kabla ya 1969. Hilo linasogeza tarehe, halibadilishi sababu. Pingamizi zito zaidi ni hili: tangu makubaliano ya Makanisa na serikali ya 1992, Kanisa limefungua tena shule nyingi, navyo chuo kikuu cha SAUT cha Mwanza na Chuo cha Jordan cha Morogoro vinapokea walei; kama sheria ndiyo iliyoharibu, mbona kuondolewa kwa kizuizi hakukuponya? Jibu ni kwamba shule zilirudi, mwalimu-katekista hakurudi. Shule mpya zilijengwa kwa ajili ya mitihani ya taifa. Mgawanyo uliokuwa wa kisheria ulikwisha kuwa mazoea.

Dodoma ya leo inayafanya mazoea hayo yaonekane wazi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, serikali ilianza kuhamia huko kwa kasi baada ya 2016, na jimbo likawa jimbo kuu 2014, likiwa na Singida na Kondoa chini yake. Katika parokia moja ya mji wanakaa bega kwa bega mhadhiri, karani wa wizara, na katekista mwenye elimu ya msingi aliyepewa semina za wiki chache. Kanuni ya 229 ya Sheria za Kanisa inawapa walei haki ya kusoma taalimungu hadi ngazi ya chuo kikuu. Seminari kuu za zamani, Kipalapala, Ntungamo, Kibosho, Peramiho na Segerea, hakuna iliyo Ugogo. Watetezi wa hali ilivyo huuona huo kuwa upungufu wa Dodoma. Mimi naona ni nafasi. Maaskofu wa majimbo haya matatu wanaweza kuanzisha shule ya taalimungu inayofundisha kwa Kiswahili, ambamo mafrateri katika mwaka wao wa uchungaji na makatekista wanasoma somo moja, kwa mwalimu mmoja, na kufanya mtihani mmoja. Malezi ya useja na ya kiroho yabaki katika nyumba yake. Hakuna anayedai chumba cha frateri kifunguliwe. Darasa la Maandiko halina sababu kama hiyo ya kufungwa.

Hoja hii inaweza kuangushwa, na njia ya kuiangusha iko kusini. Ndanda na Peramiho zilibaki na mitambo ya uchapaji ya Wabenediktini baada ya 1970, na Peramiho ina seminari kuu jirani kabisa. Ikiwa uandishi wa dini wa walei uliendelea kwa nguvu Songea na Mtwara ilhali ulidhoofika Ugogo, basi tatizo lilikuwa ukosefu wa wachapaji, nami nimeilaumu sheria isivyostahili. Ikiwa ulipungua huko pia, pamoja na seminari na mitambo hiyo, basi sababu ni kutoweka kwa mwalimu wa misheni, na pendekezo langu halitakuwa la Dodoma peke yake. Orodha za vitabu vilivyochapwa Ndanda na Peramiho kati ya 1955 na 1985 zinatosha kuanzia uchunguzi huo.