Sarafu Zilizotiwa Rangi

Katika mji wa Birmingham, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, walikuwako mafundi waliozichonga sarafu za fedha za Malkia Victoria, wakajaza michongo ile unga wa kioo cha rangi na kuuyeyusha kwa moto, hata ngao ya ufalme ikang'aa nyekundu na samawati, nazo zikavaliwa vifuani mwa mabibi. Wakusanyaji wenye msimamo mkali huzihesabu kuwa zimeharibiwa; wenzao, ambao nami naelekea kuwaunga mkono, huzithamini kwa ajili ya ustadi wa fundi. Hoja ikageuka mwaka 2004, pale Kanada yenyewe ilipotoa senti 25 yenye ua jekundu la kuwakumbuka askari waliokufa vitani, rangi ambayo, kwa kupita mikononi mwa watu, hubanduka.