Watamu: Nyuma ya Mahoteli Bado Kuna Kijiji

Kama mbogi yenu inapanga kutoka Nairobi kwenda kuona bahari, Watamu iko Kilifi, kusini kidogo ya Malindi. Ukishuka SGR, ingia Mombasa town, panda mathree ya Malindi na umwambie konda akuangushe Gede. Hapo tuktuk itakumalizia safari. Patana bei kabla hujakalia kiti.

Kabla ya mahoteli, hapa palikuwa kijiji cha wavuvi, Wabajuni wengi wao. 1968 serikali ikatenga sehemu ya bahari hii kuwa hifadhi ya taifa, kati ya za kwanza za baharini Afrika. Watalii wakamiminika, hasa Waitaliano, ndio maana beach boy hapa anaweza kukumwagia Kiitaliano safi kushinda Kizungu chako. Shida ni moja: ndani ya hifadhi kuvua ni marufuku. Mvuvi ilibidi atafute maji mengine, na wengine wakageuza mashua kubeba wageni waende kuona matumbawe.

Kwa hivyo ganji yako inaingia mfuko wa nani? Ukilipia kila kitu kwa hoteli, kijiji kinabaki kukuangalia tu. Tafuta nahodha mwenyeji akupeleke. Tiketi ya hifadhi ni ya KWS, unalipia eCitizen. Jioni nenda Mida Creek, pale Dabaso, kuna kikundi cha wenyeji kinachotunza mikoko na kuuza samosa za kaa. Maze, hizo samosa!

Magofu ya Gede nayo yako njiani, na tangu 2024 ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Na usitishwe na askari wa hoteli. Mchanga ulio kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, iko kwa Katiba. Geti ni lake, mchanga si wake.

Rada ya msimu: kaskazi, kama Desemba hadi Machi, bahari inatulia na maji yanakuwa clear, lakini bei iko juu. Mwezi wa tano kusi inavuma, mvua inapiga, hoteli kadhaa zinafunga, na ndipo msee wa bajeti anapata room poa. Uliza wavuvi kuhusu bamvua: maji yakipwa sana unatembea mpaka kwa miamba kwa miguu, yakirudi yanarudi mbio.

Bikini iache beach. Ukiingia kijijini kutafuta mahamri na mbaazi, jifunge leso.