Mlimani au Mzumbe: Njia Mbili za Sheria Kutoka Muleba

Tangu mwaka 2017 mwombaji wa chuo kikuu Tanzania hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja, si kupitia mfumo mmoja wa pamoja kama ilivyokuwa awali. Ndiyo maana kijana wa Kagoma, wilayani Muleba mkoani Kagera, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anaweza kujikuta amedahiliwa kusoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na pia Mzumbe. Tume ya Vyuo Vikuu humtaka achague kimoja na kuthibitisha kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwenye simu. Nyumbani kila mtu huwa na ushauri wake. Mjomba husifu jina la Mlimani, na shangazi hukumbuka hakimu fulani aliyepita Mzumbe.

Wote wawili wana hoja, kwa sababu vyuo hivi vilizaliwa kwa kazi tofauti, na kazi zote mbili zimeacha alama Muleba.

Zamani macho ya watu wa Bukoba na Muleba yalielekea Uganda. Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alisomea upadri Katigondo, ng'ambo ya mpaka. Waliotaka udaktari au ualimu wa sekondari waliitazama Makerere. Sheria haikuwamo. Aliyetaka kuwa wakili ilimbidi aende London, kwenye vyama vya kale vya mawakili wa Uingereza, akasome sheria ya ardhi ya Waingereza huku kwao watu wakigombania vibanja (mashamba ya migomba) na nyarubanja (ardhi za watawala zenye wapangaji). Sheria ya Wahaya, wenyeji wa huko, ilikuwa imeandikwa kitabuni na Hans Cory na Hartnoll mwaka 1945, kikawa rejea ya watawala na mahakama. Mwanafunzi wa London hakuwa na sababu ya kukifungua.

Mwanzoni mwa 1961 kamati ya jaji wa Uingereza, Lord Denning, ilishauri kwamba Waafrika wafundishwe sheria Afrika. Oktoba mwaka huohuo Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa shule ya sheria ya Afrika Mashariki nzima. Benjamin Odoki, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Uganda, alisoma hapo, na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011, naye alipita hapohapo. Waliohitimu walitarajiwa kuendesha dola changa: kuandika sheria, kuishauri serikali, kukaa Mahakama Kuu.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoviunganisha vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi, kilipovunjwa mwaka 1970, Makerere na Nairobi navyo vilikuwa na vitivo vyao vya sheria. Kwa mtu wa Bukoba, Kampala ni jirani kuliko Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilometa 1,300. Lakini Idi Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, hakurudi tena. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera yenyewe. Njia ya kaskazini ikafungika kwa kizazi kizima.

Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, mahali pa kuwafundisha machifu na watumishi wao namna ya kutawala na kutunza vitabu. Mwaka 1963 mambo yaligeuka. Uchifu ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikaziunganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali katika ngazi moja, chini kabisa ikiwa Mahakama ya Mwanzo. Ghafla nchi ilihitaji mahakimu wa vijijini kwa wingi, na Mzumbe ikawa miongoni mwa mahali walipofundishwa. Ikawa Taasisi ya Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Wakili mkubwa wa mjini huenda asiitaje shule hiyo, lakini mwananchi wa kawaida, akiwahi kukanyaga mahakama, hukutana kwanza na hakimu wa aina iliyotoka huko.

Thamani ya ngazi zote hizo za mahakama ilionekana Kashasha, wilayani Muleba. Holaria Pastory alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilikubaliana naye, na haikubuni kitu: kanuni za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, pamoja na kitabu cha Cory na Hartnoll, zilisema hivyo waziwazi. Mwanamke alitumia ardhi maisha yake yote, asiiuze. Mwanamume aliweza kuuza.

Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilitengua uamuzi huo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zimeruhusiwa kuzisimamia tangu Machi 1988, miezi michache tu kabla ya mauzo yale. Februari 1990 Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inabagua kinyume cha Katiba na mikataba ambayo Tanzania imeridhia, na kwamba tangu hapo wanawake na wanaume wana haki sawa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mpwa angeweza kulikomboa shamba, lakini kwa kulipa bei ileile. Hukumu hii husomeshwa leo mbali sana na migomba ya Kashasha.

Hapo ndipo ubora wa shule ya sheria unapopimika. Hakimu wa kwanza aliijua kanuni; waliomfuata waliijua kanuni na pia sheria iliyo juu yake. Shule inayomfundisha mwanafunzi moja tu kati ya hayo inamnyima nusu ya kazi yake, hata jina lake liwe kubwa kiasi gani.

Tofauti ya asili kati ya Mlimani na Mzumbe imepungua. Vyote hutoa shahada ya sheria, na anayetaka uwakili, atoke kokote, lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko jina la chuo halimbebi mtu. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu, taifa likashtuka, na kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikaundwa kuchunguza.

Mashauri ya mirathi ya kimila bado yanaanzia Mahakama ya Mwanzo, na migogoro ya ardhi kwenye mabaraza ya kata na ya wilaya. Kijana wa Muleba mwenye nafasi mbili mkononi, kabla hujatuma namba ile ya siri, nenda ukasikilize shauri moja la mirathi wilayani kwako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha waulize wahitimu wa vyuo vyote viwili wanaofanya kazi Bukoba walifundishwa nini juu ya mashauri ya namna hiyo, na ni nani aliyewafundisha.