Namna sindano ya santuri ilivyopungua uzito na bei

Machi 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodi taarabu ya Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya His Master's Voice. Santuri zao zilipata soko kubwa Unguja na pwani nzima. Lakini aliyenunua santuri alikuwa bado hajamaliza gharama. Ilimbidi anunue na kikebe cha sindano za chuma, kwa kawaida 200 ndani yake, kwa kuwa kila sindano ilipiga upande mmoja tu wa santuri, kisha ikatupwa.

Leo ncha moja ya almasi hupiga santuri kwa mamia ya saa, na kichwa kizuri cha kuanzia, kile ambacho wauzaji hukiita katriji, hupatikana kwa chini ya dola 100 za Marekani. Wahandisi walifika hapo kwa kuupunguza uzito hatua kwa hatua, kisha kwa kumwezesha mwenye mashine kubadilisha sindano kwa vidole vyake mwenyewe.

Enzi ya chuma na unga wa mawe

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuwa na umeme. Mifuo ya santuri iliitikisa sindano, sindano ikatikisa kiwambo chembamba, na pembe ikakuza mtikisiko huo hadi ukajaa chumba. Nguvu yote ya sauti ilitoka kwenye ncha ya sindano, hivyo kichwa kililazimika kukandamiza santuri kwa uzito wa zaidi ya gramu 100.

Santuri zenyewe zilikuwa za shelaki, utomvu wa wadudu kutoka India, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa kwa makusudi. Ulisaga ncha ya chuma katika mizunguko ya mwanzo mpaka ikalingana na mfuo. Wenye viwanda waliona heri iliwe sindano ya senti chache kuliko santuri.

Mwaka 1925 kampuni kubwa za Marekani zilianza kurekodi kwa maikrofoni na amplifaya, kwa mfumo wa Western Electric. Muda si mrefu umeme ukaingia pia upande wa kupigia. Sindano ikapumzishwa kazi ya kutoa sauti. Ikabaki kutikisa kitu kidogo kinachozalisha umeme, na amplifaya ikamalizia.

Kwa watu wa kipato cha kawaida, kitu hicho kilikuwa kristali ya chumvi ya Rochelle. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya kristali hutoa umeme zinapobanwa. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vikaifunga chumvi hiyo ndani ya vichwa vya santuri. Vilikuwa rahisi kutengeneza, na umeme wake ulitosha kukuzwa na redio ya nyumbani. Kasoro yake ni kwamba chumvi hiyo haivumilii joto wala unyevu, jambo ambalo mkazi wa pwani hahitaji kuelezwa. Baadaye seramiki ilichukua nafasi yake, na mpaka sasa mashine nyingi za bei ya chini, zile zinazofungwa kama sanduku la nguo, hutumia kichwa cha seramiki.

Kuta mbili za mfuo

Juni 1948 kampuni ya Columbia ilitoa LP ya vinaili, yenye mizunguko 33⅓ kwa dakika. Upande mmoja ulibeba zaidi ya dakika 20, ilhali santuri ya zamani ya inchi 10 yenye mizunguko 78 kwa dakika, au santuri ya 78 kwa kifupi, ilibeba takriban dakika 3. Ili muziki wote huo uenee, mfuo ulifinywa: ncha ya sindano ya 78 ina nusu kipenyo cha maikroni 75 hivi, ya LP takriban 25. Vinaili ni laini na haina unga wa mawe. Chuma kizito kingeichimba. Ncha za yakuti na almasi zikashika nafasi, na uzito ukashuka hadi gramu chache.

Kisha ikaja stereo. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI ya Uingereza, aliomba hataza yake mwaka 1931. Katika mfumo wake kila ukuta wa mfuo ulibeba sauti yake, mmoja ya kushoto na mwingine ya kulia. Alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege wakati wa majaribio ya rada, na santuri za stereo ziliingia madukani mwaka 1958.

Sindano sasa ilitakiwa kwenda pembeni na pia kupanda na kushuka, bila kuumiza kuta. Njia mbili zikashindana. Ya kwanza ilifunga koili ndogo kwenye kijiti cha sindano na kuiacha sumaku itulie. Ortofon ya Denmark iliitumia kwenye SPU mwaka 1959, na Denon ya Japani kwenye DL-103, iliyoundwa kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Sauti ya vichwa hivyo inasifiwa hadi leo. Lakini umeme wa DL-103 ni milivolti 0.3 tu, hivyo unahitaji kikuzaji cha ziada. Na kwa kuwa nyaya zimeshikamana na kijiti, ncha ikilika kichwa kizima hurudishwa kwa fundi au hubadilishwa.

Njia ya pili iliweka sumaku kwenye kijiti, koili zikabaki zimetulia ndani ya kichwa. ELAC ya Ujerumani na Shure ya Marekani ndizo zilizoiingiza sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Koili isiyotikisika inaweza kuzungushiwa waya mwingi, kwa hiyo umeme wake hufika milivolti 4 au 5. La maana zaidi kwa mnunuzi, hakuna waya unaoifunga sindano kwenye kichwa. Inachomolewa na mpya inachomekwa, kama kifuniko cha kalamu. Koili na mwili wa kichwa hulipiwa mara moja tu.

Ushindani wa Japani

Audio-Technica ilianzishwa Tokyo mwaka 1962 na Hideo Matsushita, aliyekuwa akiandaa vikao vya kusikiliza santuri kwenye jumba la makumbusho la Bridgestone. Alitaka sauti nzuri iwafikie watu wengi, hivyo akaanza na vichwa vya bei nafuu. Baadaye kampuni yake ikaunda kichwa chenye sumaku mbili zilizopangwa kama herufi V, tofauti na Shure.

CD ilifika mwaka 1982, na vichwa vya santuri vikabaki kwa wapenzi wachache na madijei. Mwaka 2018 Shure ilitangaza kuacha kabisa kuvitengeneza. Mwaka huohuo Audio-Technica ilitoa mfululizo wa VM95, na mwaka 2020 mapato ya santuri nchini Marekani yaliyapita ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980.

Kwa mnunuzi wa leo

Historia hii inamfundisha mnunuzi mambo manne. Kwanza, uzito: kichwa cha seramiki hukandamiza kwa gramu 5 hivi, cha sumaku kama VM95E au 2M Red ya Ortofon kwa gramu 2 au pungufu kidogo. Mashine isiyo na kirekebisha uzito isipewe santuri ya thamani.

Pili, umbo la ncha. Ya duara ni rahisi na imara. Ya umbo la yai husoma vizuri zaidi sauti za juu. Ya Shibata, iliyobuniwa Japani kwa santuri za chaneli nne za miaka ya 1970, ni ghali. Audio-Technica hukadiria saa 500 kwa ya duara na 300 kwa ya yai.

Tatu, hakikisha sindano za akiba zinapatikana. Mwili mmoja wa VM95 hupokea sindano zote za mfululizo huo, ikiwemo ya santuri za 78, hivyo unaweza kuanza na ya bei ya chini na kupanda baadaye. Nne, usipige santuri ya 78 kwa sindano ya LP, kwani ncha hiyo huzama chini ya mfuo na kuharibika upesi.

Mwenye bajeti ndogo anunue kichwa cha sumaku chenye sindano inayochomoka, apime uzito kwa mizani ndogo, na aweke akiba ya sindano ya pili. Sindano iliyolika ibadilishwe mapema, kwa sababu santuri ya zamani iliyokwishakwanguliwa hakuna fundi wa kuitengeneza.