Weusi wa Kupaka

Bulongwa, katika nyanda za juu za Makete, mti ulio mbele ya macho ni msonobari, nao ni mweupe. Mpingo hauoti katika baridi ile. Ni mti wa nchi ya chini yenye joto. Chukua basi kipande cha msonobari, ukipake dawa ya viatu nyeusi, utazame: sehemu laini huinywa dawa, sehemu ngumu huikataa, na mistari hujitokeza kama mbavu. Mpingo hauna mbavu hizo. Hata hivyo kuna miti mingine isiyo na usaliti wa namna hiyo, na kwa hiyo uigaji wa mpingo umepata historia ndefu.

Wamakonde waliovuka Ruvuma kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikuja na uchongaji wao. Katika miaka ya 1950 Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alivinunua vinyago vyao na kuwatia moyo. Huko Ukambani husimuliwa habari za Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hii Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wageni wakaja, wakapenda weusi. Hawakuuliza mti, waliuliza rangi. Lakini mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kuvunwa, na kiini chake hutakiwa pia Ulaya kwa klarineti. Soko halikuwa na subira hiyo. Miti myepesi ikachongwa, ikapigwa msasa, ikapakwa dawa, ikasuguliwa kwa brashi hata ikang'aa.

Mimi siilaumu brashi. Wako watu Ulaya wanaounda merikebu ndogo za plastiki na kuzichora nyuzi za mbao kwa ustadi mkubwa. Lakini kila atazamaye ajua kuwa ni plastiki. Ubaya ni kuuita mti wa kupakwa mpingo, kwani anayeumia kwanza ni mchongaji wa mpingo halisi: kazi yake ya majuma hushushwa bei na kazi ya siku mbili.

Mnunuzi anayo njia. Kinyago cha mpingo mara nyingi huachiwa ukanda wa weupe wa nje ya kiini, na mpaka wake huingia ndani ya mti. Nacho ni kizito: ukikitia majini, huzama. Cha msonobari huelea.